Wembe wa Shemeji

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi ya leza, huniuliza kama naweza kuwaondolea makovu. Siwezi. Leza yangu ikimgusa mtu, kovu ndilo litakalokuwa tatizo lake dogo. Ninachofanya ni kupiga mwanga kwenye gesi ili elektroni zitoke mbio. Nikishasema hivyo, wengi hukumbuka kwamba wana safari.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza, ila watu hawana subira. Tuko chini ya ardhi, katika chumba chenye kuta za zege nene. Katikati kuna tangi la chuma, ukubwa wa friji iliyolazwa chali. Pampu zinavuta hewa yote ndani ya tangi mpaka panabaki patupu, kisha bomba dogo linatema gesi kidogo tu, na papo hapo leza inapiga. Mwanga ukipita kwenye gesi unazisukuma elektroni pembeni, unaacha nyuma yake wimbi, kama boti ya injini inavyoacha mkia majini. Elektroni itakayoangukia pazuri kwenye wimbi hilo inabebwa. Ndani ya urefu wa punje ya mchele inapata mwendo ambao mashine za zamani zingetaka nafasi ya uwanja mzima wa mpira. Zinatoka zote pamoja, kundi moja, kwa muda mfupi ambao hata mwanga, wenye mbio kuliko kitu chochote, hauwahi kuvuka unene wa unywele. Kwa pigo fupi kiasi hicho unaweza kupiga picha ya molekuli ikivunjika kabla yenyewe haijajua kwamba imevunjika. Maneno hayo ya mwisho si yangu, ni ya shemeji.

Shemeji ndiye bosi wangu. Ni mdogo wa kike wa mke wangu, baba mmoja mama mmoja, na alikuja maabara hii na shahada zake zote wakati mimi nilikuwa fundi wa leza hapa tangu zamani. Siku ya kwanza mkuu wa idara alituita, akatuuliza kama undugu wetu utaleta shida kazini. Shemeji akamjibu kwamba shida ipo tayari, ni sura yangu, lakini yeye ameizoea tangu siku ya harusi.

Ndivyo tulivyo. Mtu na shemeji yake wana ruhusa ya kutaniana, na sisi ruhusa hiyo tuliitumia mpaka ikachakaa. Asubuhi tunapobadilisha nguo, tukivaa makoti meupe na kofia za wavu, yeye huniuliza kama kitambi changu kimeandikishwa miongoni mwa vifaa vya maabara. Mimi humwambia kwamba dada yake alizaliwa akilia kama watoto wa watu, lakini yeye alizaliwa akiuliza maswali, na aliyelia ni mkunga. Hapo siku imeanza. Tusipotukanana kidogo, hata pampu naziona zinanguruma vibaya.

Sasa niseme habari ya wembe. Zamani elektroni zetu ziliingia kwenye wimbi ovyoovyo, hii mapema, ile imechelewa, na kundi likatoka limetawanyika, halifai kwa picha yoyote. Shemeji akawaza: je, tukiweka kitu chembamba kwenye ukingo wa gesi, gesi si itajikunja na kujenga ngazi? Wimbi likifika kwenye ngazi litajikwaa, na elektroni zitaangukia ndani kwa mpigo mmoja. Akaniagiza kipande cha wembe, wembe wa kawaida wa kunyolea ndevu. Nikaukata, nikaufungia kwenye kishikio mbele ya bomba. Siku tuliyopiga kwa mara ya kwanza, kwenye skrini, pale elektroni zilipogonga, likatokea doa la kijani, dogo, la duara, limekaza kama limechorwa kwa bikari. Shemeji alinikumbatia mpaka kofia zetu zikaanguka.

Ni miaka minane sasa. Wembe huo umemjengea jina. Maabara za mbali zinamwalika aueleze, na hapa chuoni walishakubaliana kujenga mashine kubwa, yenye chumba chake na watu wake, wembe ukiwa ndio moyo wake na shemeji akiwa mkuu wake. Ilibaki kamati ikae mwisho wa mwezi na kupiga muhuri. Mama mkwe alikuwa ameshawatangazia majirani, ingawa hadi leo anadhani tunatengeneza dawa.

Basi asubuhi moja tulifungua tangi kubadilisha kioo kilichoungua. Shemeji akachungulia ndani na tochi. Nami nikachungulia. Kishikio kilikuwa kitupu. Skrubu ililegea, na wembe ulikuwa umelala chini ya tangi, umetulia zake.

Mimi tayari nilikuwa na bisibisi mkononi. "Naufunga sasa hivi," nikasema.

"Ngoja. Umeanguka lini?"

"Nitajuaje? Labda sasa hivi, tulipofungua mfuniko. Tumeutikisa."

"Na labda wiki iliyopita." Hakuniangalia, alikuwa bado anaumulika ule wembe. "Jana doa lilikuwaje?"

Jana doa lilikuwa zuri. Juzi pia. Sikuona haja ya kumkumbusha, maana alikuwa anakumbuka kuliko mimi.

"Shemeji, nifunge tu. Kamati inakaa karibuni. Mambo ya kutafutana ubaya na wembe ya nini?"

"Ukifunga, mimi nitalala usingizi?" akauliza. Nikairudisha bisibisi mfukoni.

Alipanga jaribio mwenyewe, na akalipanga kwa ukali. Kila asubuhi ningeingia peke yangu kwenye chumba cha tangi, nirushe sarafu. Ikiangukia kichwa, nafunga wembe. Ikiangukia upande wa pili, nautoa. Kisha nafunga tangi, nawasha pampu, natoka, na sisemi. Yeye angepiga leza mchana kutwa kutoka chumba cha kuongozea, aangalie madoa, apime, na jioni aamue wembe ulikuwepo au haukuwepo. Kamera ndogo ndani ya tangi ingerekodi ukweli, lakini skrini yake aliifunika kwa koti lake la zamani na kuizungushia utepe wa gundi. Kama wembe unafanya kazi, angetambua bila shida. Kama anabahatisha tu kama mtu anayerusha sarafu, basi wembe ni pambo.

"Kwa nini nisijue?" akaniuliza, ingawa sikuwa nimemuuliza. "Kwa sababu naupenda. Nikijua upo, doa litapendeza machoni mwangu hata kama limepinda."

"Na mimi je? Mimi nitajua."

"Wewe una uso mkavu. Dada anasema hata siku ya harusi hakujua kama umefurahi."

Hilo ni kweli, nina uso mkavu, na ni sifa ninayojivunia. Kwenye karata hakuna aliyewahi kunisoma. Nilikubali kazi hiyo bila wasiwasi wowote.

Jumatano nilirusha sarafu, ikaangukia upande wa pili. Niliutoa wembe, nikauweka kwenye kisahani chake. Nilizunguka chumba kama sheria inavyotaka, nikabonyeza kitufe cha kila kona na kuita "Kuna mtu?" mpaka taa nyekundu ikawaka, nikafunga mlango mzito. Nilikaa kiti cha pembeni kwenye chumba cha kuongozea, nikakunja mikono. Shemeji akapiga.

Doa likatokea. La kijani, dogo, la duara.

Akapiga tena na tena, na kila mara lilikuwa lile lile. Nilitazama skrini nikijua kwamba mbele ya bomba hakuna kitu. Nilijiambia ni bahati ya siku moja. Alhamisi wembe ulikuwepo, na doa halikuwa bora kuliko la jana. Ijumaa haukuwepo tena, na ndipo likatokea doa zuri kuliko yote ya wiki. Shemeji alilipima, akaguna kwa kuridhika, akaandika jibu lake kwenye kompyuta. Sikuliona jibu, lakini niliiona shingo yake, ilivyonyooka.

Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni. "Haya, mdogo wangu anaendeleaje?"

"Kazi ni kazi."

"Mume wangu, nimekuuliza kwa adabu."

"Nami nimekujibu kwa adabu. Nimeapa."

Alinitazama juu mpaka chini, akarudi jikoni. Hakuuliza tena, na hilo lilinipa amani. Nilidhani nimemshinda.

Jumapili tulikula kwa mama mkwe, kama kawaida yetu. Meza yake ni ndogo, na kiti cha mwisho kina mguu mbovu. Kiti hicho ni cha shemeji, kwa sababu hufika kwa kuchelewa, na kila Jumapili mimi humwambia mguu ule umevunjika kwa uzito wa shahada zake. Safari hii alipoingia nilisimama. Nilimvutia kiti changu, nikakaa mimi kwenye kile kibovu. Kuku alipoletwa nilimwekea paja. Nikamuuliza kama amechoka na barabara.

Mama mkwe aliacha kijiko hewani. "Mkwe, unaumwa?"

"Hapana, mama. Mzima kabisa."

"Basi umefanya kosa," akasema mama mkwe, na wote wakacheka, mke wangu akiwa wa kwanza. Wote isipokuwa shemeji. Yeye alikuwa amelishika lile paja la kuku, ananitazama mimi, bila kula.

Jumatatu nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la viatu na nguo zake za nyumbani, koti la maabara amelipakata.

"Jaribio limekufa," akasema.

"Vipi tena? Pampu?"

"Wewe."

Nilivaa uso wangu mkavu. "Mimi sijasema neno."

"Ndiyo maana. Jumatano asubuhi, kabla sijapiga hata mara moja, uliniambia kichwa changu kinahitaji kofia mbili zilizoshonwa pamoja. Jumatano jioni ukaniletea chai, ukasema, 'Karibu, Daktari.'" Alisubiri nijitetee. "Daktari! Tangu tufahamiane hujawahi kuniita Daktari. Siku niliyopata hiyo shahada uliniita Profesa wa Maharage. Alhamisi ukanifungulia mlango. Ijumaa ukaniambia nikapumzike. Jana umenivutia kiti mbele ya mama."

"Mtu hawezi kuwa na adabu?"

"Mtu anaweza. Wewe huwezi." Sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ile ile anayosomea vipimo. "Kama wembe ungekuwa unafanya kazi, ungenitukana mpaka mama angekufukuza mezani. Ungekuwa na raha. Lakini unanionea huruma, shemeji. Na mtu hahurumiwi kwa sababu wembe wake unakata."

 Kofia yangu ya wavu ilikuwa mkononi, nikawa naivuta huku na huku.

"Usiniambie," akasema. "Sikuulizi." Kisha akainamia lile koti na kulia. Hakulia kwa sauti, mabega tu yalikuwa yanakwenda. Mimi si mtu wa kuhadithia machozi ya watu, lakini niseme wazi kwamba niliumia. Nilisimama pale kama kabati, mtu mzima na mikono yake miwili, sijui pa kuiweka. Ningekuwa na uwezo wa kuufanya wembe ule ufanye kazi kwa kuupigia magoti, ningepiga.

Alipomaliza alipangusa uso kwa koti la maabara, ambalo kwa sheria zetu sasa lilipaswa kwenda kufuliwa. Nililiona hilo na sikulisema.

"Sasa nisikilize," akaanza. "Siwezi kwenda mbele ya kamati niseme wembe haufanyi kazi kwa sababu shemeji alinivutia kiti."

"Hapana, huwezi."

"Wala siwezi kusema unafanya kazi. Majibu yangu ya tangu Jumatano jioni yameharibika yote. Kila nikiangalia doa nakuangalia na wewe. Umenipa chai ya sukari mbili, najiuliza, sukari mbili maana yake nini? Tunaanza upya."

"Tafuta mtu mwingine aingie kwenye tangi."

"Nani? Kila mwingine akigusa kile kishikio anakipindua, tunapoteza siku nzima kukinyoosha. Ni wewe." Alisimama, akachukua koti jingine safi. "Ila kuna sharti. Kila asubuhi ukitoka kwenye tangi, unanitania. Kila jioni kabla sijaondoka, unanitania. Wembe uwepo, usiwepo. Doa liwe zuri, liwe bovu. Na makali yawe yale yale. Ukipunguza kidogo tu, nitajua, tutaanza tena, na kamati haitatusubiri."

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika jengo lile, na nimewahi kuibeba pampu ya zamani kwenye ngazi. Kutania ni rahisi moyo ukiwa mwepesi. Jaribu kumtania mtu unayemwona anazama, halafu usikosee kipimo. Nilirusha sarafu, nikatoa wembe au nikafunga wembe, nikatoka nje, nikamwambia kwamba pua yake imetangulia ofisini na yeye anaifuata. Doa likatokea la kijani, la duara. Jioni nikamwambia kwamba akina dada wa ukoo wao waligawana urembo na ubishi, na yeye alichelewa kwenye foleni ya kwanza. Siku iliyofuata wembe ulikuwepo, na doa lilikuwa lile lile, nami nikamtafutia tusi jingine la uzito ule ule, kama mtu anayepima chumvi kwa mizani.

Siku ya tatu niliishiwa. Nilikaa jikoni nyumbani, nimeshika kikombe, natazama ukuta. Mke wangu alikuwa anakatakata vitunguu na hajaniuliza kitu tangu ile Jumapili.

"Mwambie alipokuwa mdogo aliifungua redio ya baba kumtafuta msomaji wa habari," akasema bila kugeuka. "Hakumpata. Akamwambia baba kwamba ametoroka."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Na mwambie alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu." Alikatakata kidogo, akaendelea. "Hilo la pili liweke la siku mbaya."

Ndipo nilipojua kwamba naye anajua. Kila jioni baada ya hapo alinipa moja, akiwa amenipa mgongo, na mimi nikaipeleka kazini asubuhi kama mtu anayepeleka chakula kwa mgonjwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini vitunguu vilikuwepo, na sisi hatukuulizana.

Shemeji naye alitimiza upande wake. Alijibu kila tusi langu, kitambi changu kikapata majina ambayo sitayarudia hapa. Kisha aligeukia skrini na kupima madoa bila haraka, kila doa kwa upana wake na mng'ao wake. Jioni aliandika jibu. Hakuwahi kuniangalia usoni alipokuwa anaandika.

Siku ya mwisho alisimamisha leza mapema. Alichukua mkasi, akakata utepe, akalivua lile koti kuukuu kwenye skrini ya kamera. Tukakaa bega kwa bega, tukapitisha siku moja baada ya nyingine, jibu lake upande mmoja, picha upande wa pili. Alisema upo, haukuwepo. Alisema haupo, ulikuwepo. Akapata moja. Akakosa. Akapata. Akakosa. Sarafu yangu ingeachwa ijibu badala yake, isingefanya vibaya zaidi.

Tulifika mwisho. Pampu zilikuwa bado zinanguruma upande wa pili wa ukuta. Akarudisha picha nyuma mpaka siku mojawapo ambayo kishikio kilikuwa kitupu, akaweka kando yake doa la siku ile, zuri, la duara, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

"Kuna kitu kingine humo ndani kinafanya kazi yangu," akasema taratibu. "Tangu lini?"

 Jaribio lilikuwa limekwisha na sharti lake limekwisha nalo. Nilikuwa huru sasa kuwa mpole, na niliutaka upole huo, ulikuwa umenijaa kifuani. Ningeweza kumletea chai. Ningeweza kusema pole, neno zuri, la haki, ambalo kila mtu katika jengo lile angemwambia kesho yake, na kamati ingemwambia kwa barua.

"Miaka minane," nikamwambia, "unaunyoa upepo, shemeji. Na hata ndevu haukuwa nazo."

Aligeuka akanitazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, machozi yakimtoka, na safari hii sauti ilisikika mpaka koridoni.

"Leo ungeniita Daktari," akasema alipopata pumzi, "ningekufukuza kazi."

Akavuta simu kumpigia mwenyekiti wa kamati. Mimi nikaingia kwenye chumba cha tangi kuutoa wembe, maana siku ile sarafu ilikuwa imeangukia kichwa. Nilizima pampu, nikafungua tangi, nikalegeza skrubu, nikaushika kwa koleo, kipande chembamba, bado kinang'aa. Kisahani chake kilikuwa pale pale mezani. Sikuuweka humo. Niliuzungushia utepe wa gundi usimkate mtu, nikautia mfukoni, nikarudi kuchungulia mdomo wa bomba na tochi, nikikitafuta hicho kitu kingine.